Kupata Wembe Usiokuunguza: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Ngozi Nyeti

Swali linalonifikia ni lile lile, maneno ndiyo hubadilika: "Nitumie wembe gani? Nimejaribu wote, bado shingo inawaka." Nikidodosa kidogo, kumbe muulizaji alibadilisha wembe, sabuni na mafuta kwa siku moja, akanyoa juu ya vipele ambavyo havijapona, kisha akaulaumu wembe mpya kwa makosa ya ule wa zamani. Kwa mwendo huo hakuna wembe utakaofaulu.

Msimamo wangu ni huu: usianze na wembe, anza na dhara linalokupata. Mtu ambaye ngozi humwaka dakika chache baada ya kunyoa hahitaji wembe sawa na yule anayetokwa na vipele siku ya tatu. Ukishajua uko upande gani, nyembe nyingi zilizo sokoni zinajiondoa zenyewe.

Nimelenga zaidi ndevu na shingo, maana huko ndiko malalamiko yalikojaa. Kwa miguu, kwapa na sehemu za siri hatua ni hizi hizi, na nitataja panapotofautiana.

## Vitu vya kuwa navyo

- Maji ya uvuguvugu na taulo ndogo safi.
- Sabuni laini ya uso isiyo na manukato.
- Krimu au jeli ya kunyolea, nayo isiyo na manukato wala mentholi.
- Mafuta au losheni nyepesi isiyo na spiriti, ya kupaka baada ya kunyoa.
- Kioo na mwanga wa kutosha.
- Daftari dogo, au simu ya kupigia picha.
- Kipande cha shabu, ukikipata. Kazi yake nitaieleza mbele.

Wembe haumo kwenye orodha kwa makusudi. Utaununua baada ya hatua ya 4.

## Hatua ya 1: Ipumzishe ngozi kwanza

Acha kunyoa mpaka ngozi itulie. Muwasho wa kawaida hutulia kwa siku mbili tatu. Vipele vinavyotokana na nywele zilizojikunja hudai wiki tatu hadi nne, wakati mwingine zaidi.

Sababu ni nyepesi: kipele ni kimlima, na makali yakipita juu ya kimlima hukikata kilele chake. Kila wembe utakaoujaribu juu ya ngozi ya namna hiyo utaonekana mbaya, hata kama hauna hatia.

Kama kazi yako hairuhusu kufuga ndevu, zipunguze kwa mashine ukiacha urefu wa milimita moja hivi. Usishuke chini ya hapo kwa sasa.

Onyo. Katika siku za mwanzo vipele vinaweza kuongezeka, kwa kuwa nywele zilizokwisha kujikunja bado zinakua na kuchoma. Wengi hukata tamaa hapo na kurudia wembe. Vumilia. Ukiona unywele umefanya kitanzi juu ya ngozi, unaweza kuinua ncha yake taratibu kwa kifaa safi chenye ncha. Usiung'oe, na usichimbe ule usioonekana. Unywele uliong'olewa huota upya kuanzia chini kabisa, na njiani unaweza kutoboa ngozi kwa ndani.

Umefaulu ukiona: kidole kinateleza bila kukwama, ngozi haina joto wala maumivu ukiibonyeza. Mabaka meusi yaliyobaki si kizuizi. Hayo hufifia kwa miezi, si kwa siku.

## Hatua ya 2: Tambua dhara lako

Hapa ndipo watu wanapopita mbio, na hapa ndipo jibu lilipo.

Kuungua kwa wembe. Ngozi huwaka, huwasha au huhisi kama imesuguliwa, kuanzia dakika chache hadi saa chache baada ya kunyoa. Kwenye ngozi nyeupe huonekana wekundu. Kwenye ngozi nyeusi rangi inaweza isibadilike sana, au ikawa nyeusi zaidi, kwa hiyo amini vidole: pana joto na panauma. Chanzo huwa ni msuguano, yaani makali butu, mkono mzito, kupita mara nyingi mahali pamoja, au ngozi kavu.

Vipele vya ndevu. Huja baadaye, siku moja hadi tatu au zaidi, vikiwa vigumu, mara nyingine na unywele ndani yake. Wenye nywele za kipilipili ndio huathirika zaidi. Unywele uliojipinda ukikatwa hubaki na ncha kali. Ukitoka nje unaweza kupinda na kuingia tena kwenye ngozi. Ukiwa umekatwa chini ya usawa wa ngozi, unaweza kutoboa ukuta wa kitundu chake kabla hata haujatoka. Kwa maneno mengine, tatizo hapa ni wembe *kunyoa sana*, si wembe kunyoa vibaya. Ndiyo maana mwenye dhara hili akinunua wembe mkali zaidi hali huwa mbaya zaidi.

Kukatwakatwa. Vidoa vya damu bila muwasho mkubwa. Hapa tatizo huwa pembe ya makali, ngozi iliyolegea, au kichwa cha wembe kisichoenea kwenye kona za uso.

Mzio. Muwasho mkali, vipele vidogo vya maji au ngozi kubabuka, hata sehemu ambazo wembe haukupita ila krimu ilifika. Mara nyingi mtuhumiwa ni manukato, iwe ya krimu, ya losheni au ya ule utepe laini ulio juu ya wembe. Wachache hudhurika na nikeli. Kama hereni au pingili ya saa hukuwasha, jishuku.

Andika moja tu, lile linalokusumbua zaidi. Ukiwa na mawili, vipele vitangulie, maana ndivyo huacha makovu.

## Hatua ya 3: Jua nywele zako zinalala wapi

Fuga kwa siku mbili, kisha pitisha kidole au pamba kavu pande zote. Upande ambao pamba inateleza ndio mwelekeo wa nywele. Upande inaokwama ni kinyume chake.

Usidhani zote zinashuka. Shingoni, hasa chini ya taya na karibu na koromeo, nywele za watu wengi hupanda juu, hulala ubavu au huzunguka kama kimbunga kidogo. Piga picha, au chora uso na kuweka mishale. Mara nyingi shingo inayowaka kila siku ni shingo inayonyolewa kinyume cha nywele bila mwenyewe kujua, na hapo hakihitajiki wembe mpya, kinachohitajika ni kugeuza mkono tu.

Kwapani nywele huelekea pande zaidi ya moja. Miguuni nyingi hushuka.

## Hatua ya 4: Chagua aina ya wembe kwa dhara lako

Tangazo la biashara hukwambia makali matano ni bora kuliko matatu. Kwa ngozi nyeti hesabu hiyo mara nyingi hugeuka. Katika wembe wa makali mengi, la kwanza huvuta unywele nje kidogo, na yanayofuata huukata kabla haujarudi. Ukirudi, ncha yake inazama chini ya usawa wa ngozi. Uso unakuwa laini ajabu siku hiyo. Kwa mwenye nywele zilizonyooka hilo linaweza lisiwe na shida yoyote, ila kwa mwenye nywele za kujikunja huo ndio mwanzo wa kipele. Tena kila kali ni msuguano mmoja zaidi: wembe wa makali matano ukiupitisha mara tatu, ngozi imekwanguliwa mara kumi na tano.

Kama dhara lako ni vipele, chaguo la kwanza ni mashine ya umeme ya kupunguzia, ile inayoacha kivuli cha ndevu cha nusu milimita hadi milimita moja. Haikati chini ya ngozi, basi ncha haina pa kuzama. Najua wengi hawaipendi kwa sababu uso haubaki laini kabisa. Ni biashara ya haki: unatoa ulaini, unapata amani. Mwajiri akidai uso mtupu, chaguo la pili ni wembe wa kali moja, au wa makali mawili yenye kizuizi katikati kinachoinua kichwa kisiikandamize ngozi.

Kama dhara lako ni kuungua, una uwanja mpana. Mpini wa chuma unaofungwa wembe mmoja mwembamba wa pande mbili huwasaidia wengi, kwa sababu mbili: kali ni moja, na wembe wake ni wa bei nafuu kiasi kwamba mtu haoni uchungu kuutupa ukianza kuwa butu. Ila una masharti. Kichwa chake hakipindi kufuata uso, kwa hiyo pembe unaishika wewe, takriban nyuzi 30 kutoka kwenye ngozi. Chagua ulio mpole, yaani ambao wembe umejitokeza kidogo tu nje ya ukingo wa kichwa. Uliojitokeza sana ni wa nywele ngumu na mikono iliyozoea.

Wembe wa kubadilisha vichwa, wenye makali mawili au matatu na shingo inayocheza, ndio ninaompa mtu asiyetaka kujifunza jambo jipya. Si wa kudharauliwa. Ukiwa na makali machache na mkono mwepesi, unatosha.

Wembe wa plastiki wa kutupa, ule mwepesi wa kali moja au mawili, una tatizo ambalo watu hawalioni: wepesi wenyewe. Usipokuwa na uzito, mkono hukandamiza ili kufidia. Kama huna mwingine, utumie mara chache na uutupe mapema.

Sheva ya umeme yenye wavu hukata juu ya wavu mwembamba, kwa hiyo makali hayagusi ngozi moja kwa moja. Huwafaa wanaokatwakatwa na wanaotumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu. Iendeshe kwa mstari ulionyooka. Ile ya vichwa vya duara huendeshwa kwa miduara midogo, na kwenye nywele ndefu kidogo huvumilia zaidi. Ngozi huchukua wiki mbili tatu kuizoea sheva, kwa hiyo usiihukumu siku ya kwanza. Kwa mwenye vipele, usiibane ngozini na usiivute ngozi, vinginevyo nayo itanyoa chini kuliko inavyotakiwa.

Kama dhara lako ni mzio, aina ya wembe si muhimu kama kile kilichopakwa juu yake. Tafuta usio na utepe wa mafuta, ambao kwa kawaida ni ule wa chuma wa pande mbili au mashine, kisha ubadilishe krimu. Anayeshuku nikeli aende kupimwa na daktari wa ngozi kabla ya kununua chochote, maana chuma kisichoshika kutu nacho huwa na nikeli mara nyingi.

Wembe wa kukunja wa kinyozi nauacha nje. Ni chombo kizuri kwa anayekijua, na mahali pabaya pa kujifunzia kwa mwenye ngozi inayolalamika.

## Hatua ya 5: Ukague mkononi

Mpini usiteleze ukiwa na maji. Kichwa kiwe na nafasi ya maji kupita kati ya makali, la sivyo nywele na krimu hukwama na wembe huanza kuvuta. Kiwe kidogo vya kutosha kufika chini ya pua. Uliza kama vichwa au nyembe zake za akiba hupatikana kwa urahisi. Wembe mzuri usio na akiba utautumia ukiwa butu, na utarudi ulikotoka.

Neno "kwa ngozi nyeti" kwenye pakiti lisikushawishi peke yake. Geuza pakiti usome kilichomo kwenye utepe.

## Hatua ya 6: Andaa ngozi vilevile kila mara

Jaribio halina maana kama leo umelowanisha uso na kesho umenyoa pakavu.

Nyoa baada ya kuoga, au weka taulo yenye maji ya uvuguvugu usoni kwa dakika mbili tatu. Unywele ukinyonya maji hulainika na kukatika kwa nguvu ndogo. Maji ya moto sana hukausha ngozi na kuiwasha, kwa hiyo uvuguvugu unatosha. Osha kwa sabuni laini, suuza, kisha paka krimu na uiache dakika moja au mbili kabla ya kugusa wembe. Wengi hupaka na kunyoa papo hapo, wakaipoteza nusu ya faida yake.

Sheva nyingi za umeme ni kinyume: zinataka ngozi iliyokauka kabisa, isipokuwa zilizotengenezwa kutumika na maji. Soma maelezo yake.

## Hatua ya 7: Jaribu nusu kwa nusu

Tumia wembe wako wa zamani, wenye makali mapya, upande mmoja wa uso. Upande wa pili tumia wembe mpya. Krimu iwe moja, maji yale yale, siku ile ile. Mara inayofuata rudia pande hizo hizo. Hii ndiyo njia ya pekee ya kujua kama tofauti imeletwa na wembe au na kitu kingine. Makali mapya pande zote mbili ni sharti. Kulinganisha kipya na butu ni kujidanganya.

Mwenye vipele asiurudishe wembe uliomletea vipele kwa ajili ya jaribio hili. Atumie mashine upande mmoja na wembe mpya upande mwingine.

Namna ya kunyoa:

1. Anza mashavuni, malizia kidevu na sehemu ya juu ya mdomo, ambako nywele ni ngumu na zinahitaji muda zaidi wa kulainika.
2. Fuata mishale uliyochora. Mpito mmoja kufuata nywele. Ukihitaji wa pili, paka krimu tena, kisha pita kwa ubavu. Kinyume cha nywele, usijaribu kwa sasa.
3. Uzito wa wembe wenyewe uwe ndio nguvu. Shika mpini karibu na mwisho wake kwa vidole, si kwa kiganja. Ukishika hivyo ni vigumu kukandamiza hata ukitaka.
4. Mivuto iwe mifupi, ya sentimita mbili tatu, na suuza wembe kila baada ya mvuto.
5. Usiivute ngozi kwa nguvu, hasa kama tatizo lako ni vipele. Ngozi ikiachiwa, nywele huzama.
6. Suuza kwa maji ya baridi, kausha kwa kugusagusa, paka losheni.

Sasa ile shabu. Kabla ya losheni, ilowanishe na uipitishe mara moja usoni. Itachonyota pale ambapo wembe ulikwangua kupita kiasi, na pasipo na tatizo utahisi kidogo au usihisi kitu. Ni shahidi asiyependelea. Suuza baada ya nusu dakika, kwa sababu huikausha ngozi. Baada ya majaribio huihitaji kila siku. Wenye mzio waiache.

Spiriti, hapana. Kuchonyota kwake huonekana kama ushahidi wa kuua vijidudu, lakini kwa ngozi nyeti hukausha na kuongeza muwasho juu ya muwasho.

## Hatua ya 8: Pima matokeo kwa wakati wake

Andika au piga picha mara tatu: baada ya nusu saa, kesho yake, na siku ya tatu. Kuungua utakuona kwenye picha ya kwanza, vipele kwenye ya tatu. Asiyefika siku ya tatu hutangaza ushindi mapema.

Upe wembe mpya nafasi angalau mara nne hadi sita, ukiuacha uso siku moja au zaidi katikati, ndipo uamue. Sheva ipe muda wake niliotaja.

Upande mpya ukiwa mtulivu na wa zamani ukiwaka, umepata. Pande zote zikiwaka sawasawa, wembe si mkosaji: badilisha krimu, kitu hicho kimoja tu, na urudie. Zote zikiwaka shingoni tu, rudi kwenye mishale ya hatua ya 3.

Acha majaribio na umwone daktari wa ngozi ukiona usaha unaoenea, maumivu na homa, makovu yanayovimba na kukua, au vinundu vigumu kisogoni. Vya kisogoni hasa hugeuka makovu ya kudumu vikipuuzwa. Vivyo hivyo kama unatumia dawa za chunusi zinazokausha ngozi, muulize kabla ya kunyoa hadi usawa wa ngozi.

## Hatua ya 9: Usiuharibu wembe uliouhangaikia

Makali huisha haraka kuliko watu wanavyofikiri. Watafiti wa chuo cha MIT walionyesha mwaka 2020, katika jarida la Science, kwamba unywele unaweza kumegua kipande cha ukingo wa wembe, ingawa chuma hicho ni kigumu takriban mara 50 kuliko unywele. Ukingo wenye mapengo hauukati unywele sawasawa, unauvuta.

Chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani hushauri kubadilisha wembe baada ya kunyoa mara 5 hadi 7. Kwa ngozi nyeti ichukulie hiyo kuwa dari, si lengo. Wembe mwembamba wa pande mbili wengi huutupa baada ya mara tatu hadi tano. Ukihisi kuvutwa kabla ya hapo, badilisha siku hiyo hiyo, hata katikati ya shavu.

Ukimaliza, suuza, kung'uta maji, na uweke mahali pakavu penye hewa. Bafuni penye mvuke si mahali pake. Usifute makali kwa taulo. Vichwa vya mashine visafishe kwa brashi na kuvitia mafuta kama maelezo yake yanavyosema, maana mashine isiyotiwa mafuta hupata joto na kuvuta nywele.

Na usiazimane wembe, hata na mwenzi wako wa chumba. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, na mchubuko usioonekana kwa macho unatosha kuvipa mlango. Ukienda kwa kinyozi, dai wembe ufunguliwe mbele yako, au nenda na wako.